Nani Ataonja Kwanza

Karatasi ile ilikuwa na makosa mengi, na kosa kubwa kuliko yote ni kwamba kuna watu waliiamini.

Memsabu Harcott, mwenye hoteli ndogo karibu na mto Themi mjini Arusha, alikuwa amepata karatasi ya kampuni moja ya safari kutoka Kepu, kule Afrika Kusini. Karatasi nzuri, ya rangi ya samawati. Ilisema kwamba wageni wachache, wasiozidi sita, wataongozwa siku mbili na kiongozi mzoefu ili waone mji wa kale, ufukwe na nchi ya mvinyo, na siku ya pili watakula chakula cha mchana kwenye shamba la familia na kuonjeshwa mvinyo na wenye shamba wenyewe. Memsabu hakuona sababu ya kujichosha kutunga maneno mapya. Alifuta Kepu akaandika Arusha, akaenda kupigisha chapa, akatuma nakala hamsini Nairobi. Hiyo ilikuwa Aprili, mwaka 1955. Agosti ikaja simu: wageni watano wanafika Jumatano, na fedha wameshalipa zote.

Juma hilohilo kiongozi mzoefu, ambaye alikuwa shemeji yake Memsabu, akalazwa hospitali. Memsabu alisema ni malaria. Wapishi walisema ni chupa.

"Kaanaeli," Memsabu aliita Jumanne asubuhi, na boi mkuu wa meza akaja na taulo lake begani. Kaanaeli alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenyeji wa Akeri, mwenye kahawa kidogo, migomba mingi na Kiingereza alichokichuma jeshini. "Wewe najua Kizungu. Wewe nakwenda na wageni."

"Memsabu, Arusha hakuna mvinyo."

"Wewe natafuta."

"Na ufukwe je? Bahari iko Tanga."

"Kaanaeli, mimi hapana taka maneno mingi. Kama hakuna kiongozi, hakuna hoteli. Kama hakuna hoteli, hakuna boi." Kisha akamvika kofia ya pama ya shemeji yake. Shemeji alikuwa na kichwa kikubwa. Kofia ikashuka mpaka kwenye nyusi, na wapishi waliokuwa wakichungulia dirishani wakaziba midomo.

Kaanaeli hakuwa mjinga wa kazi hiyo. Wakati wa vita alikuwa Misri na kikosi cha wapagazi, na siku moja walipelekwa kumi kumi kutazama yale majengo makubwa ya mawe. Aliyewaongoza alikuwa Mmisri mmoja mwenye tarbushi, ambaye hakuulizwa swali akakosa jibu. Baadaye askari mmoja msomi aliwaambia kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa uongo mtupu. Kaanaeli hakujali. Alikuwa amefurahi, na uongo ule bado alikuwa anaukumbuka wote, wakati ile kweli ya askari msomi alikuwa ameshaisahau.

Mji wa kale hakuuogopa, na ufukwe angeutafuta. Kilichomtoa jasho chini ya ile kofia ni shamba la familia, kwa sababu familia aliyoweza kuiamuru ni moja tu, nayo ilikuwa yake.

* * *

"Pombe?" mkewe Tabea aliuliza jioni ile. "Humu ndani ya ua wangu? Juma hili?"

"Siku moja tu, Mama Eunike. Ijumaa mchana inaingia, Ijumaa jioni inatoka."

"Na mwaka jana iliingia kwa siku ngapi?"

Mwaka jana mama mzazi wa Kaanaeli, Bibi Nalepo, alipika mtungi mmoja tu wa pombe ya ndizi, nyumbani kwake, hatua thelathini kutoka mlango wa mwanawe lakini ndani ya ua uleule. Sheria ya usharika ilikuwa fupi: ua wa Mkristo usikutwe na pombe. Ukikutwa, watu wa ua huo wanatengwa, na mtoto wao haingii kwenye kipaimara mpaka mwaka mwingine. Mzee wa kanisa, Elinami, alipita njiani, akasimama, akainua pua, akaingia moja kwa moja mpaka kwenye mtungi. Eunike, binti yao, alikuwa amebakiza siku nne kupokea kipaimara. Wenzake walikwenda, yeye akabaki nyumbani akitwanga mahindi, na wimbo wao alikuwa anausikia.

Jumapili hii ilikuwa zamu yake ya pili, na ya tatu haikuwapo. Shule ya ualimu ya wasichana ilikuwa imeshamwandikia kwamba nafasi yake ipo, alete cheti cha kipaimara mwezi ujao. Mwakani angekuwa amepita umri. Binti mwenyewe alikuwa amekaa pembeni na gauni lake jeupe la mwaka jana, analishusha upindo kwa sindano, maana mwaka mmoja ulikuwa umemrefusha. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akavuta mwingine.

"Wape togwa," Tabea akasema.

"Wazungu wanaijua pombe kuliko sisi. Ukiwapa togwa watajua wamepewa uji."

"Wapeleke klabuni, kwa madereva."

"Karatasi inasema shamba la familia."

"Basi karatasi na ije iombe radhi kanisani!" Tabea alisema. "Elinami anakuja kukagua nyumba za watoto wa kipaimara Jumamosi. Jumamosi, Baba Eunike! Pua ile hata ukifukia mtungi itafukua."

"Nikikosa pombe nakosa kazi, na nikikosa kazi ada ya shule inatoka wapi? Kwenye ndizi?"

Wote watatu walikuwa wakikasirikia kitu ambacho hakikuwamo ndani ya chumba.

Hatimaye Eunike akazungumza, macho yake kwenye sindano. "Baba, na nani ataonja?"

Wazazi wakatazamana. Walikuwa wamesahau. Pale mlimani, kwa Wameru na kwa majirani wao Waarusha, mgeni hashiki kata ya pombe mpaka mwenyeji ameonja mbele yake, ajue kwamba haina sumu wala neno baya. Kumpa mgeni kata isiyoonjwa ni kumtukana. Na mwenyeji wa nyumba hii alikuwa Mkristo aliyeweka ahadi madhabahuni.

"Tutamwita mzee Lemburis," Kaanaeli akasema baada ya kufikiri. Lemburis alikuwa jirani mfuga ng'ombe, mvi kichwa kizima, hajabatizwa na wala hana mpango. "Atakaa kama mzee wa nyumba. Ataonja, atafuta midomo, ataondoka."

"Lemburis huonja vizuri," Tabea akasema kwa uchungu. "Kuondoka ndiko hakuwezi."

* * *

Pombe ya ndizi haipikwi kwa siku mbili. Kaanaeli alijua, na ndiyo maana kesho yake alfajiri alikwenda kwa mama yake akiwa ameshika majani mabichi mkononi, kama wafanyavyo Waarusha wanapoomba radhi. Bibi Nalepo alikuwa amezaliwa Lemara kwa Waarusha, akaolewa kwa Wameru, akazika mume, na misheni yote ilimpita kama mvua inavyopita jiwe. Mwaka jana, baada ya mkasa, mwanawe alimwapisha asipike tena mpaka Eunike apate kipaimara. Tangu siku hiyo walikuwa wakisalimiana kwa adabu nyingi mno.

"Yeyo, shikamoo."

"Marahaba. Majani hayo ni ya mbuzi?"

"Ni yako, Yeyo. Nimekuja kukuuliza kama unamjua mtu mwenye pombe iliyokaribia kuiva."

Bibi kizee akatega sikio. Alikuwa anafurahia. "Rudia. Sikio hili limezeeka."

Kaanaeli akarudia, na akaeleza habari za Memsabu na karatasi. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo, akamwongoza nyuma ya zizi la ndama. Pale aliondoa majani makavu ya migomba, akaondoa gunia, akaondoa ungo. Mitungi miwili mikubwa ya ndizi na kimea cha ulezi ilikuwa inachemka taratibu yenyewe kwa yenyewe.

"Yeyo! Uliapa!"

"Niliapa sitapika mpaka mtoto apate kipaimara. Mtoto anapata Jumapili. Pombe hii ni ya Jumapili jioni. Ulitaka mjukuu wangu apate heshima kubwa kiasi hicho halafu wazee wa ukoo wanywe maji?"

"Na Elinami angeikuta Jumamosi!"

"Elinami," Bibi Nalepo akasema, akifunika mitungi yake kama anayefunika watoto. "Mimi najua pua ile ilikosomea."

Kaanaeli hakumuuliza alikuwa na maana gani. Alikuwa na hasira, na papo hapo alitaka kumkumbatia. Alimwachia majani yake akaenda kazini.

* * *

Alhamisi, mji wa kale ulikwenda vizuri. Wageni walikuwa wanaume wawili na wanawake watatu, lakini waliosema ni wawili tu: Bwana Ashby, mzee mrefu mwenye darubini kifuani, na Bibi Crail, mama mnene aliyeandika kila kitu katika daftari. Kaanaeli aliwazungusha Boma la Wajerumani mara mbili, kwa kuwa mara moja ilikuwa fupi. Aliwaonyesha dirisha ambalo, alisema, mke wa kamanda alilia kila Alhamisi. Aliwaonyesha tundu la panya akasema ni njia ya siri ya kwenda Moshi. Bibi Crail aliandika yote.

"Na haya mawe yaliletwa na nani?" Bwana Ashby akauliza, akipapasa ukuta.

Hapo Kaanaeli alifungua mdomo atoe uongo mwingine, ukakataa kutoka. "Baba yangu," akasema. "Na wenzake. Waliyabeba kichwani."

"Walilipwa?" akauliza Bibi Crail.

"Ndiyo, Memsabu. Kwa kiboko."

Bibi Crail akaandika. Kisha akauliza kiboko kimoja siku zile kilikuwa sawa na shilingi ngapi. Dereva wao, Sironka, alikwenda nyuma ya gari akacheka mpaka akashika tumbo, lakini Kaanaeli hakucheka. Alivua kofia akajipepea, na Bwana Ashby akaondoa mkono wake ukutani.

Ijumaa asubuhi walikwenda Momela. Kaanaeli alikaa nyuma kabisa, kati ya vikapu vya chakula, kwa sababu Memsabu alikuwa ameagiza kwamba kiti cha mbele ni cha mgeni. Kwa hiyo kiongozi aliongoza akiwa haoni njia, akipiga kelele juu ya vichwa vya watu. Walipotoka kwenye miti, maziwa yakatokea, na ukingo wote ulikuwa wa waridi kwa ndege.

"Ufukwe," Kaanaeli akatangaza.

Wageni wakatazama karatasi, wakatazama maji. "Lakini hili ni ziwa," akasema Bibi Crail. "Meli ziko wapi?"

"Mwezi huu hazina safari, Memsabu."

"Bahari ina chumvi," Bwana Ashby akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na makali ya mtu anayetaka kurudishiwa fedha.

"Onja, Bwana."

Mzee akainama, akachovya kidole, akaonja. Uso wake ukakunjamana wote. Maji ya Momela ni ya magadi, hata ng'ombe huyafikiria mara mbili. "Mungu wangu," akasema. "Ni chumvi kweli." Basi wakatandika mablanketi wakakaa ufukweni saa nzima, na kiboko mmoja, yule wa majini, akatoa kichwa akawatazama, na Bibi Crail akatazama daftari lake la jana kwa mashaka.

Njiani kurudi, Kaanaeli alijisikia mtu mkubwa. Ushindi una hatari zake. Aliwaambia habari za nchi ya mvinyo, kwamba mvinyo wa huku ni wa ndizi, na kwamba una sheria yake: mgeni hanywi hata tone mpaka mzee mwenyeji, mwanamume mwenye mvi kuliko wote waliopo uani, ameonja kwanza. "Mkinywa kabla yake, mmemvunjia heshima. Na yeye akikataa kuonja, ameitangaza nyumba kwamba ina sumu."

"Ajabu sana," Bwana Ashby akasema, na akaahidi kwa niaba ya wote kwamba sheria itafuatwa.

* * *

Walikuta kila kitu tayari isipokuwa Lemburis.

Tabea alikuwa amefagia ua mpaka ardhi inang'aa. Mabenchi yalipangwa kivulini kwenye migomba, ndizi za nyama zinatoa moshi, na Eunike, kwa khanga safi, alikuwa akiwanawisha wageni mikono. Mtungi ulikuwa katikati, na Bibi Nalepo amekaa kando yake na kata mkononi. Watoto na wanawake wa jirani walikuwa wamejaa kwenye uzio, maana gari la Wazungu halikuwa jambo la kila Ijumaa.

"Lemburis yuko wapi?" Kaanaeli akanong'ona.

"Kwenye zizi la ndama," Tabea akajibu bila kusogeza midomo. "Alikuja alfajiri kujaribu kuonja. Amejaribu mpaka mtungi wa pili umefika nusu. Nimemmwagia maji mara mbili."

"Na?"

"Amesema asante."

Bwana Ashby alikuwa ameshapokea kata kutoka kwa Bibi Nalepo. Aliishika kwa mikono miwili, hakuipeleka mdomoni. Alikuwa anatazama huku na huku. "Mzee yuko wapi, Kaanaeli? Tunangoja mzee."

Mwanamume mwenyeji uani pale alikuwa Kaanaeli peke yake. Aliielewa hesabu hiyo papo hapo. Akionja, watu wote wa uzioni wameona, na kabla jua halijazama Elinami atajua kwamba mtu aliyeahidi madhabahuni amekunywa hadharani siku mbili kabla ya kipaimara cha mwanawe. Asipoonja, wageni hawanywi, na karatasi itarudi kwa Memsabu na malalamiko. Alimtazama binti yake. Eunike alikuwa amesimama na birika la maji, kama alivyosimama mwaka jana Elinami alipoinama juu ya mtungi. Alijua kinachofikiriwa. Hakumwambia baba yake fanya wala acha, na hilo ndilo lililomuumiza Kaanaeli zaidi.

Alinyoosha mkono kuelekea kata, akaurudisha, akaunyoosha tena.

"Hodi humu!" sauti ikasema mlangoni pa ua.

Hakuna aliyehitaji kugeuka. Mzee Elinami aliingia na koti lake jeusi na bakora yake, mvi zake nyeupe kama pamba. Kukagua kulikuwa kesho, lakini gari lilikuwa limepita mbele ya nyumba yake, na baada ya gari ikaja harufu. Pua ilimtangulia hatua tatu. Tabea alifumba macho.

"Mtumishi wa Mungu, karibu," Kaanaeli akasema, kwa kuwa hakuwa na neno lingine.

"Naona," akaanza Elinami kwa sauti ya mimbari, akiinua bakora kuelekea mtungi, "naona kwamba mwaka huu..."

Hakumaliza. Wazungu wote watano walikuwa wamesimama. Bwana Ashby alivua kofia, akaja mbele, akainamisha kichwa chake kirefu mbele ya mvi zile, akamkabidhi kata kwa mikono miwili. Bibi Crail aliinua kamera.

Mkono wa Elinami ukaipokea kabla yeye hajaamua. Ndivyo alivyolelewa, kitu kikitolewa kwa mikono miwili hupokelewa. Kisha akasimama nayo, watu wote wa uzioni wakimtazama.

Akili yake ilikimbia huku na huku. Kunywa hakuwezekani, yeye ni mzee wa kanisa, na ana miaka kumi na tisa hajaonja. Kukataa je? Kila mtu mlimani, hata watoto wale wa uzioni, alijua maana ya mzee kurudisha kata mbele ya wageni. Angekuwa amemwita Nalepo mchawi hadharani, mwanamke aliyemjua tangu ujana wao. Na kanisa lilikuwa limekataza kabisa mambo ya kuitana wachawi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesoma tangazo hilo, mara mbili, kwa sauti kubwa.

"Kunywa, Elinami," Bibi Nalepo akasema kwa upole. "Au nina sumu?"

Elinami akamtazama. Kisha akaigeuza kata kidogo mpaka ule upande wa mdomo uliolika kwa miaka mingi ukamwelekea, akapuliza makapi yakakaa pembeni, akamimina matone machache chini, na akanywa. Alikunywa taratibu, bila kumwaga hata tone kwenye koti.

Ni yale matone ya chini yaliyowamaliza watu. Kunywa angeweza kusema kalazimishwa. Kumwagia wazee waliolala ardhini hakuna Mzungu aliyemwambia afanye. Mkono ulikumbuka wenyewe. Elinami aliyaona matone kwenye vumbi kwa wakati mmoja na watu wengine wote, na uso wake ukaonyesha huzuni ya kweli, kisha ukaonyesha kitu kingine.

"Ulezi umeukaanga mno," akasema.

"Kwenye harusi yangu hukusema hivyo," Bibi Nalepo akajibu. "Ulionja kata ya kwanza, ukarudi ukaonja ya sita."

Wanawake wa uzioni walishindwa kujizuia. Kicheko kilipasuka, Tabea akafungua macho, na wageni, ambao hawakuelewa neno hata moja, walipiga makofi. Baada ya hapo nchi ya mvinyo ikawa nchi ya mvinyo. Bibi Crail alikunywa kata tatu na daftari lake likaanguka kwenye ndizi. Bwana Ashby alimwita Kaanaeli "Bwana Kaanaeli" mara kumi na moja, na wakati wa kuondoka akamlazimisha akae kiti cha mbele, yeye akapanda nyuma na vikapu, akiimba.

Elinami alibaki amekaa kwenye benchi, bakora kati ya magoti. Kata ya pili hakuiomba, na hakupewa. Kabla gari halijaondoka Kaanaeli alimwendea.

"Mzee, ulikuja kukagua."

"Nimekagua."

"Umeona nini?"

Elinami alimtazama Eunike, aliyekuwa akikusanya sahani. "Binti," akasema, "upindo wa gauni umeshaushusha?"

"Ndiyo, babu."

"Basi ulipige pasi." Akainuka akaenda, na hakuna aliyejua alikuwa na maana gani.

* * *

Jumamosi ilikuwa ndefu. Memsabu Harcott alimwita Kaanaeli akamwambia wageni wamefurahi, wamesema watawaambia rafiki zao, na mwezi wa kumi wanakuja wanane. Kwa hiyo anachapisha karatasi mpya. Itasema "kiongozi mzoefu wa Kizungu", kwa sababu wageni wapya wanapenda hivyo. Kama bakhshishi alimpa ile kofia. Kaanaeli alishukuru, akaenda nayo jikoni, na wapishi wakaiwekea mayai.

Nyumbani hakuna aliyelala vizuri. Kama Elinami angesema ukweli wote, jina la Eunike lisingesomwa. Kama angenyamaza, watu arobaini wa uzioni wasingenyamaza.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto wa kipaimara walipangwa mbele, Eunike wa nne, gauni jeupe na mstari hafifu pale upindo wa zamani ulipokuwa. Kaanaeli na Tabea walitafuta koti jeusi mahali pake, kwenye kiti cha wazee karibu na madhabahu. Kiti kilikuwa kitupu.

Mchungaji akasimama na matangazo. "Mzee wetu Elinami," akasema, "alikuja kwangu jana akakiri kwamba ameonja pombe. Nilimuuliza ameonja wapi. Alisema ameonja kwa mdomo wake, na mdomo ni wake, nyumba si yake. Kwa miezi mitatu hatakuwa mzee wa kanisa." Minong'ono ikapita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mahindi. "Amenikabidhi pia orodha ya nyumba alizokagua. Anasema zote ziko tayari." Kisha akaanza kusoma majina, na la nne lilikuwa Eunike Kaanaeli.

Tabea alilia bila kujificha. Kaanaeli aligeuka nyuma. Kwenye benchi la mwisho, lile la waliotengwa, Elinami alikuwa amekaa wima peke yake, mikono juu ya bakora.

Eunike alipiga magoti, akawekewa mikono, akapewa mkate na kikombe. Ibada ilipokwisha alitoka na cheti chake amekishika kwa vidole viwili asikichafue. Nje ya uzio wa kanisa bibi yake alikuwa anamngoja, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kuingia wala nia.

"Koko, nimepata," akasema.

"Naona." Bibi Nalepo alimshika mashavu, akamtemea baraka kidogo kwenye paji la uso, kisha akauliza kile alichokuwa akingoja kuuliza tangu asubuhi. "Na hiyo pombe ya humo ndani ikoje?"

"Kidogo sana, Koko. Haijazi hata jino. Lakini mchungaji alionja kwanza."

Bibi kizee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ni watu wenye adabu."

Watu walikuwa wakitoka makundi makundi, na Elinami akatoka wa mwisho, na watu wakampisha zaidi ya ilivyohitajika. Bibi Nalepo alimtazama akishika njia peke yake. Akamsukuma mjukuu wake mgongoni. "Mkimbilie. Mwambie mtungi uliobaki ni wa jioni hii, na ni ulezi mwingine. Sikuukaanga sana."

Eunike alimkimbilia na gauni lake jeupe, akamfikia kwenye kona.

"Shikamoo, babu. Ahsante, babu. Koko anasema mtungi wa jioni ni ulezi mwingine. Hakuukaanga sana."

Mzee Elinami alisimama. Alitazama kanisa, akatazama mlima, akafuta pua yake kwa leso.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mwambie asichelewe kumimina. Miezi mitatu si mingi."